Mstari wa mwisho kwenye orodha ya sasisho

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 16, na kila akiniona nimeshika kifaa changu cha GPS huanza kucheka kabla hata hajanisalimia. "Shangazi, kwani simu yako haina ramani?" Inayo, mwanangu, inayo. Lakini simu yangu ikinyeshewa inanuna, jua la mchana likiipiga skrini haisomeki, na ikifika saa tisa alasiri betri imekata. Hiki kidude changu kinakula betri mbili za AA, zikiisha natia nyingine, na vitufe vyake vinabonyezeka hata kwa kidole chenye matope. Kimeanguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kona moja imemeguka na mpira wa pembeni nimeushika kwa gundi.

Kazi yake kwangu ni moja. Natembea kwenye njia za miguu ambazo hazimo kwenye ramani yoyote, narekodi treki, yaani mstari wa mahali nilipopita, nikirudi nyumbani nazichora OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuongezea kipande chake. Hakuna anayenilipa wala anayenituma. Ni kiherehere changu mwenyewe.

Mwezi uliopita waliokitengeneza walitoa toleo jipya la femwea, yaani ile programu ya ndani inayokiendesha kifaa chenyewe. Orodha ya mabadiliko ilikuwa na mistari 14. Ule wa juu kabisa ulipambwa kwa maneno mengi, nao ulihusu rangi mpya za skrini. Ule wa 14, chini kabisa, ulikuwa na maneno manane: treki sasa huhifadhiwa kila dakika wakati wa kurekodi. Niliusoma mara tatu. Kwa nini, nitafika huko. (Rangi nimeziangalia, zinapendeza, nimerudisha za zamani.)

Kusasisha kwenyewe kulichukua kama robo saa. Kabla ya kugusa chochote nilifanya mambo mawili. Kwanza, nilinakili kwenye kompyuta folda nzima ya faili za GPX, maana pointi zangu za miaka sita, yaani alama za mahali nilizoziweka, zimo humo. Pili, nilitia betri zilizotoka kwenye chaja muda huo huo. Umeme ukikatika wakati kifaa kinajiandikia programu upya, unaweza kubaki na kipande cha plastiki kizuri cha kuzuilia karatasi zisipeperuke. Nikaunganisha waya, nikabonyeza kitufe cha kukubali, nikakaa pembeni mikono mapajani kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Kilijizima, kikajiwasha, kikajizima tena. Moyo ulinidunda kidogo pale mara ya pili. Kikawaka.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba kimesahau nusu ya mambo niliyokuwa nimekifundisha. Betri nilizotoka kuzichaji kilizionyesha ziko nusu. Ningekuwa mgeni ningedhani sasisho limeharibu kitu, kumbe mpangilio wa aina ya betri ulikuwa umerudishwa kwenye alkalini. Betri za alkalini zikiwa mpya zina volti 1.5 hivi, hizi za kuchaji za NiMH zina 1.2 na hukaa hapo hapo muda mrefu, kwa hiyo kifaa kikidhani una alkalini kitakwambia zimechoka tangu asubuhi. Ukisasisha na mchoro wa betri ukakutia wasiwasi, anza kuangalia hapo kabla hujamlaumu mtu. Anwani za mahali nazo zilikuwa zimehama kutoka UTM, ambayo naisoma kwa mita, zikarudi kwenye digrii na dakika. Dira nayo ikataka kurekebishwa upya: ushike kifaa, ukizungushe kwa upande huu, kisha ule, kisha ukigeuze kama unakaanga kitu. Anayekuona kwa mbali atadhani unafukuza nyuki.

Kuna jambo moja ambalo sijawasamehe. Zamani kitufe cha upande wa kulia, ukikigusa, kiliwasha taa ya skrini. Sasa ukikigusa kinaweka pointi, na taa imehamishiwa kwenye kitufe cha kuzima na kuwasha. Kidole changu kina tabia ya miaka sita. Siku ya kwanza nilirudi na pointi 31 nisizozikusudia, zote zikiwa mahali ambapo palikuwa na kivuli nikataka kuona skrini. Eti unaweza kubadili kwenye mipangilio. Nimetafuta. Unaweza kubadili vitufe vyote isipokuwa hicho.

Basi tuje kwenye setilaiti, maana hapa kuna nyama.

Kifaa changu kilipotoka kiwandani kilikuwa kinasikiliza mifumo miwili ya setilaiti, GPS ya Marekani na GLONASS ya Urusi. Sasisho hili limekiongezea Galileo ya Umoja wa Ulaya. Swali la kwanza nililojiuliza ni hili: programu inawezaje kuongeza setilaiti? Jibu ni kwamba antena ilikuwa inazipokea tangu mwanzo. Galileo inatangaza kwenye masafa yale yale ya GPS, megahezi 1575.42, ila kwa msimbo wake. Sikio lilikuwepo, lugha ndiyo haikujulikana. Kwa sababu hiyo hiyo, usitarajie sasisho lolote likuletee yale masafa ya pili, L5, megahezi 1176.45, ambayo vifaa vipya vinajivunia. Hayo yanataka kipokezi kilichoundwa kwa ajili yake, na kipokezi hakipakuliwi.

Nilitaka kujipima mwenyewe badala ya kusifia tu. Kuna njia ninayoijua vizuri, kilomita mbili na nusu, inayopita chini ya miti mirefu kisha inakumbatia ukuta wa mwamba. Miti inadhoofisha mawimbi. Mwamba una ubaya mwingine: unayarudisha kama mwangwi. GPS inapima umbali kwa muda ambao wimbi limetumia kusafiri, na wimbi husafiri mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, hivyo wimbi lililogonga jiwe kwanza linafika limechelewa, na kifaa kinakuweka mahali usipokuwepo. Kwenye treki zangu za zamani upande ule naonekana kama mtu anayetembea hewani nje ya jabali.

Sasa ujanja wa kupima. Setilaiti za GPS, kule juu kilomita 20,200 hivi, huzunguka dunia mara mbili katika muda unaopungua siku kamili kwa karibu dakika nne. Maana yake, mpangilio wake angani kwako wewe hujirudia kila siku, ila dakika nne mapema. Nilitembea Jumamosi kabla ya kusasisha, nikaanza saa nne kamili asubuhi. Jumamosi iliyofuata, baada ya kusasisha, nikaanza saa tatu na dakika 32. Dakika 28 mapema, siku saba mara nne. Kwa hiyo setilaiti za GPS zilikuwa zimekaa karibu vile vile, na mbingu haikuwa kisingizio. Galileo haifuati kalenda hiyo, mpangilio wake hujirudia kila baada ya siku 10, lakini kwa kuwa toleo la zamani halikuijua, haikunisumbua.

Nilizunguka mara nne kila Jumamosi, kisha nikalaza mistari yote juu ya mingine kwenye kompyuta. Kabla ya sasisho, pale kwenye mwamba mistari minne ilitawanyika, mmoja kutoka kwa mwingine, hadi mita 23. Baada ya sasisho raundi mbili za mwanzo niliziacha kwenye GPS peke yake: mita 22, yaani hakuna kilichobadilika. Mbili za mwisho niliwasha zote tatu, zikakaribiana kufikia mita 11. Najua mistari miwili haiwezi kutawanyika kama minne, na mtu wa takwimu atanizomea. Nilirudi Jumapili nikaongeza raundi mbili. Ikawa 12. Mwangwi bado upo, ila kifaa sasa kina mashahidi wengi zaidi wa kuwauliza, na yule mwongo anaonekana.

Gharama yake ni betri. Kwa GPS pekee nilikuwa napata kama saa 20, na zote tatu zikiwa zinasikilizwa napata 15. Uwandani, mahali ambapo mbingu iko wazi, sioni sababu ya kulipa hizo saa tano. Nawasha zote nikiingia msituni tu.

Na ile namba inayoandikwa juu ya skrini, "usahihi mita 3", tafadhali usiiapie. Hayo ni makadirio ya kifaa chenyewe kutokana na jinsi setilaiti zilivyokaa na nguvu ya mawimbi. Pale kwenye mwamba iliniambia mita 5 huku ikinitembeza hewani.

Sasisho limeleta pia faili ya utabiri wa setilaiti. Kifaa kilicholala kwenye droo wiki kadhaa kikiamka hakijui nani yuko wapi angani. Kinabidi kisikilize, na setilaiti za GPS huongea taratibu mno, biti 50 kwa sekunde. Ili kupata orodha nzima ya setilaiti zote kinahitaji dakika 12 na nusu, ingawa kwa kujua tu mahali ulipo nusu dakika ya kusikia vizuri kila setilaiti inaweza kutosha. Faili ya utabiri inakipa majibu hayo kabla hakijatoka nyumbani. Asubuhi niliyoipakia kilijua kilipo kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Lakini utabiri unaoza baada ya siku chache, na mimi si mtu wa kuunganisha kifaa kwenye kompyuta kila juma. Kwa hiyo nimerudi kwenye desturi yangu: nakiwasha, nakiweka juu ya jiwe mahali pa wazi, nakunywa maji.

Kimo ndicho kilichonishangaza, kwa sababu sikuwa nimetarajia kitu. Kifaa kina baromita, nayo hupima kanieneo ya hewa. Ukipanda, hewa inapungua. Kwenye nyanda za chini hektopaskali moja, kizio cha kanieneo, ni kama mita nane za kimo. Ni kipimo chepesi sana kuhisi, kinajua hata ukipanda ngazi za ghorofa moja. Shida ni kwamba hewa haitulii. Mvua ikikaribia inashuka, na karibu na ikweta hata siku njema hupanda na kushuka mara mbili kati ya asubuhi na usiku. Niliwahi kulala ndani ya hema na kifaa kikiwa kimewashwa, nikaamka nikiwa nimepanda mlima wa mita 24 katika usingizi.

Zamani nilikuwa narekebisha kimo kwa mkono nikifika mahali ninapopajua, jambo ambalo nilisahau mara tisa kati ya kumi. Sasa kuna chaguo la kurekebisha mfululizo: kifaa kinaiamini baromita kwa mabadiliko ya haraka, na polepole, kwa muda mrefu, kinaivuta ikubaliane na kimo cha setilaiti. Kimo cha setilaiti peke yake kinayumba, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yako na hakuna hata moja chini ya miguu ya kukuchukulia kipimo upande wa pili. Lakini kuyumba kwake ni kwa huku na huku, ukikipa saa kadhaa wastani wake si mbaya. Kila mmoja anamfichia mwenzake aibu. Nilitoka asubuhi, nikazunguka saa saba, nikarudi kwenye kizingiti kile kile: tofauti ya mita 4. Awali nilikuwa nikirudi nyumbani nimezama mita 20.

Kuhusu pointi za wastani sina mengi. Unasimama mahali pamoja, kifaa kinachukua vipimo vingi, kinatoa wastani. Ila usisimame dakika kumi ukadhani umemaliza, kwa sababu ndani ya dakika kumi setilaiti zimesogea kidogo tu na kosa ni lile lile. Rudi baada ya saa moja na nusu, au kesho yake, uongeze vipimo. Nimefanya hivyo kwenye chemchemi mbili ambazo nilikuwa nimeziweka vibaya kwenye ramani. Moja niliisogeza mita 9. Ilikuwa ng'ambo isiyo yake ya kijito.

Mstari wa 12 ulisema kwa kifupi kwamba wamerekebisha hesabu ya wiki, na nadhani wasomaji wengi waliupita. Mimi siwezi. GPS huhesabu wiki kuanzia tarehe 6 Januari 1980, na kwenye ujumbe wake wa zamani nafasi ya kuandikia namba ya wiki ina biti kumi, yaani wiki 1024 tu. Zikijaa, hesabu inarudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu. Ilitokea Agosti 1999, ikatokea tena usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019, na itatokea Novemba 2038. Wakati ule wa 2019 nilikuwa na kifaa kingine, kizee, ambacho hakikuwa kimesasishwa tangu nikinunue. Jumapili ile asubuhi kiliniambia leo ni tarehe 22 Agosti 1999. Mahali kilinionyesha vizuri tu. Lakini kila treki niliyorekodi ilikuwa na tarehe ya karne iliyopita, na mimi huoanisha picha na treki kwa kutumia saa. Kompyuta ikitafuta picha ya mwaka 2019 kwenye safari ya mwaka 1999 haipati kitu. Nilikaa jioni tatu nikiongeza siku 7,168 kwenye kila faili. Kibaya zaidi, si kila kifaa huchanganyikiwa siku hiyo rasmi. Vingine huhesabu wiki 1024 tangu programu yao iandikwe, hivyo vinakuja kuchanganyikiwa Jumapili yoyote ile wakati dunia nzima imeshasahau habari hiyo.

Nikiwaza masasisho, huwa nakumbuka kwamba lililokuwa kubwa kuliko yote halikupakuliwa na mtu. Serikali ya Marekani ilikuwa inaichafua kwa makusudi GPS ya raia, kosa likiweza kufika mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa saa za Washington, wakaacha. Vifaa vyote vilivyokuwa mikononi mwa watu vikaamka vikiona vizuri zaidi, bila waya, bila kubonyeza kitufe cha kukubali.

Sasa ule mstari wa 14.

Miaka miwili iliyopita nilishuka bonde moja ambalo nilikuwa nimelisikia kwa watu tu. Njia yake haionekani kwenye picha za angani kwa sababu ya miti. Nilitembea saa nne na dakika kumi, nikipotea na kurudi, hadi nikaipata kuanzia kijito cha juu mpaka daraja la magogo. Kwenye daraja nikateleza. Mimi sikuumia, ila kifaa kiligonga gogo, kifuniko cha nyuma kikafunguka, betri zikaruka majini. Nikatia nyingine, nikawasha, nikafungua treki. Tupu. Ilikuwa ikiandika kila kitu kwenye kumbukumbu ya muda na kuhifadhi pale tu unapokizima kwa adabu. Nililiandikia kampuni barua pepe ndefu. Wakanijibu kwamba nihakikishe kifuniko kimefungwa vizuri.

Kwa hiyo, nikiwa mezani siku ile ile ya kusasisha, nilianza treki mpya, nikazunguka uwanjani nusu saa, kisha bila kukizima nikachomoa betri. Mkono ulisita, nakiri. Nikarudisha. Treki ilikuwepo, imepungua kipande cha sekunde 40 mwishoni.

Jumamosi iliyopita nikarudi bondeni, safari hii na mtoto wa kaka yangu, ambaye simu yake ilipoteza mtandao tulipopita mti wa tatu. Hakucheka tena mpaka alipoona ninavyoweka pointi kila nikitafuta taa. Tulipofika katikati ya bonde betri zilikata zenyewe, zile za zamani kati ya zangu. Tukakaa juu ya gogo, nikabadilisha, nikawasha. Mstari uliendelea. Pointi ya kwanza ya betri mpya ilikuwa mita sita kutoka ya mwisho ya betri za zamani, na sisi tulikuwa bado tumekaa pale pale.

"Shangazi," akasema, "hebu nikishike mimi mpaka darajani."

Nikampa. Nilimwonyesha kwanza jinsi ya kufunga kifuniko.